Mashimo ya Mfalme Sulemani na Dhahabu ya Sofala

Katika vitabu vya hadithi vilivyosomwa kwa hamu na wasemaji wa Kiswahili, Mashimo ya Mfalme Sulemani kina mahali pake pa heshima. Mtungaji wake ni Mwingereza, Henry Rider Haggard, aliyekitoa kwa lugha yake mjini London mwaka 1885. Na aliyekileta katika Kiswahili ni Frederick Johnson, ambaye tafsiri yake ilitoka mwaka 1929. Wako waliokisoma darasani kwa amri ya mwalimu, na wako waliokisoma kwa siri chini ya dawati mwalimu akifundisha hesabu. Na wote hao, tukiwauliza leo, watatusimulia habari za Umbopa, na za kikongwe Gagool, na za mlango wa jiwe ulioshuka polepole gizani, kana kwamba ni mambo waliyoyaona jana. Kitabu chenye nguvu ya namna hiyo hakifai kupitwa kimya na wanaoandika habari za utamaduni wa taifa, hata kama hakikuzaliwa kwetu.

Wapo wenzetu wanaoona kuwa vitabu vya aina hii ni vya kupoteza wakati, na kwamba mtu mzima akionekana anacheka au anatetemeka kwa hadithi ya hazina na wachawi, basi akili yake imerudi utotoni. Hatukubaliani nao. Babu zetu waliketi usiku kucha wakisikiliza visa vya Abunuwasi na habari za vita vya Mtume zilizotiwa chumvi na watunzi wa tenzi, wala hakuna aliyewaita watoto. Utamu wa hadithi ni kitu cha kweli, na mwenye kuuonja hana la kuomba radhi. Lakini utamu una njia zake za kuingia moyoni, na kuna kitu kingine kinachoweza kuingia pamoja nao bila kubisha hodi. Hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Kisa chenyewe, kwa wale waliokisahau, ni hiki. Allan Quatermain, mwindaji wa ndovu mwenye makao yake Durban, anakutana na mabwana wawili wa Kiingereza, Sir Henry Curtis na Kapteni Good. Curtis anamtafuta ndugu yake aliyepotea akienda kuyatafuta mashimo ambayo inasemekana Mfalme Sulemani alichimba mali yake humo. Quatermain anayo ramani. Wanashika njia, na pamoja nao anakwenda mtumishi mrefu, mwenye haiba isiyo ya mtumishi, jina lake Umbopa. Wanavuka jangwa nusura wafe kwa kiu, wanapanda milima miwili yenye theluji iitwayo Maziwa ya Sheba, na ng'ambo yake wanaikuta nchi ya Wakukuana chini ya mfalme katili mwenye jicho moja, Twala. Hapo Umbopa anafungua nguo yake na kuonyesha alama ya nyoka iliyochorwa kiunoni: kumbe yeye ndiye Ignosi, mrithi wa haki wa kiti cha enzi. Vita vinapiganwa, Twala anauawa, na mwisho wageni wanaingia ndani ya mlima kuziona almasi.

Anayetaka kujua namna hadithi ya kusisimua inavyotengenezwa na aitazame ile ramani. Haggard hakusema tu kwamba palikuwa na hazina mahali fulani. Alitunga Mreno wa mwaka 1590, José da Silvestra, anayekufa kwa njaa ndani ya pango mlimani, akararua kipande cha nguo yake na kuandika juu yake kwa damu yake mwenyewe, kalamu ikiwa ni kipande cha mfupa. Ramani hiyo ilichapwa kweli ndani ya kitabu. Shemeji yake mtungaji ndiye aliyeichora juu ya kitambaa ili ionekane ya kale. Tena, msafara unapofika kwenye lile pango, wanaikuta maiti ya Mreno huyo imekaa kitako, haikuoza kwa sababu ya baridi, na ile kalamu ya mfupa ipo. Msomaji aliyekuwa na shaka juu ya ramani sasa anaona shahidi wake. Sisi tuliozoea kazi ya majalada ofisini tunaijua hila hii vizuri: karatasi yenye tarehe, saini na mhuri haiulizwi maswali mengi, hata kama maneno yaliyomo ni ya kubuni.

Juu ya karatasi hiyo yenye tarehe Haggard akaweka jina la Sulemani, na hapo ndipo penye ufundi wake mkubwa zaidi. Jina hilo halihitaji kuelezwa kwa yeyote. Msomaji Mkristo amelisoma katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme: merikebu za Sulemani, pamoja na mabaharia wa Mfalme Hiramu wa Tiro, zilikwenda Ofiri na kurudi na talanta 420 za dhahabu, kisha akaja malkia wa Sheba na ngamia zake kuijaribu hekima ya mfalme. Msomaji Mwislamu amelisikia tangu chuoni: Nabii Suleiman aliyepewa kuamrisha upepo na majini, aliyeletewa na hudihudi habari za malkia anayeliabudu jua, na ambaye kiti cha enzi cha malkia huyo kililetwa mbele yake kwa kupepesa jicho. Hata asiyeshika dini yoyote amekwisha kuambiwa kwamba Sulemani alikuwa na hekima na mali kupita watu wote. Basi mtungaji anapotamka jina hilo, nusu ya kazi ya kuaminisha imekwisha kufanyika kabla yake kwa miaka mingi, na waliofanya kazi hiyo ni wazazi, masheikh na mapadri wa msomaji mwenyewe.

Hata ndani ya milima, dini haikuachwa. Mbele ya mashimo yamekaa masanamu matatu makubwa ya mawe ambayo Wakukuana huyaita Wanyamavu, na Quatermain anakumbuka kuwa Sulemani katika uzee wake alipotoshwa akawafuata miungu wa kigeni watatu, Ashtorethi, Kemoshi na Milkomu. Anakisia kwamba huenda masanamu hayo ndiyo wao. Tazama jinsi jambo hili lilivyofanywa kwa werevu. Mtungaji hasemi kwamba ndivyo ilivyo. Anamwachia mwindaji asiye na elimu kubwa akisie, na msomaji anayeijua Biblia yake anajiona mwerevu kwa kukubali kisio hilo.

Lakini almasi? Katika Maandiko Sulemani aliletewa dhahabu, fedha, pembe za ndovu, nyani na tausi. Hakuna palipotajwa kwamba alichimba almasi kusini mwa Afrika. Almasi zilizojaa katika masanduku ya mawe ya Haggard zilitoka mahali pengine ambapo kila Mwingereza wa siku zile alipajua kwa magazeti: Kimberley. Almasi za Afrika Kusini zilianza kuonekana mwaka 1867, na miaka michache baadaye maelfu ya watu walikuwa wakichimba pale shimo ambalo likazidi kuwa pana na refu kila mwaka. Haggard alifika Natal mwaka 1875, kijana wa miaka 19, akiwa katika watumishi wa gavana. Mwaka 1877 alikuwako Pretoria Waingereza walipoitwaa Transvaal, naye akashiriki katika kuipandisha bendera. Quatermain anapoliona lile shimo kubwa la Sulemani, anasema lafanana na machimbo ya Kimberley. Kwa hiyo neno mashimo, ambalo Johnson alilichagua badala ya machimbo au migodi, limekaa vizuri sana, kwani picha iliyokuwa machoni pa mtungaji ilikuwa shimo hasa. (Wasukuma waliokuja kuuona mgodi wa Mwadui, uliogunduliwa mwaka 1940, wasingehitaji kuelezwa.)

Hivyo ndivyo vitu vitatu vilivyosukwa ukili mmoja. Historia ilitoa tarehe na Mreno; dini ilitoa jina na heshima; ubunifu ulitoa mapango, vita na mikosi ya Kapteni Good, ambaye akiwa amenyoa upande mmoja wa uso, miguu mitupu, miwani ya jicho moja na meno ya bandia yanayotoka na kurudi, anawafanya askari wa Twala wamdhanie kuwa amshuka kutoka katika nyota. Hatujapata kumwona mtu aliyekisoma kisehemu hicho bila kucheka. Palipopunguka utamu, kwa maoni yetu, ni katika lile jambo la kupatwa kwa mwezi, ambapo wageni wanatumia kalenda yao kujifanya wanaweza kuuzima mwezi. Msomaji wa pwani, ambaye tangu zama anajua kwamba mwezi hupatwa na kuna sala yake maalumu, hawezi kuwaona wale wanaokimbia kwa hofu kuwa ni ndugu zake. Ni watu waliotengenezwa kwa ajili ya hila ile tu.

Yatupasa pia kusema neno juu ya Umbopa. Mtungaji alidhamiria tumfuate Quatermain, kwani yeye ndiye msimulizi; lakini wasomaji wa Kiafrika, tangu kitabu kilipofika mikononi mwao, walikuwa na mtu wao. Umbopa ndiye mwenye shabaha. Wageni wanatafuta mawe na ndugu aliyepotea. Yeye anatafuta nchi yake. Anawasikia wakidanganya kwamba wametoka nyotani, anajua ni uongo, ananyamaza kwa sababu uongo huo unamsaidia. Na mwishoni, alipokwisha kuwa mfalme, anatoa hukumu ambayo sisi tunaihesabu kuwa ndiyo kauli nzito kupita zote katika kitabu: kwamba hataruhusu wafanya biashara wa kizungu waingie na bunduki zao na pombe zao, wala wahubiri wa kuwatangulia, na kama watakuja watu kutafuta yale mawe yang'aayo, atawarudisha. Maneno hayo yaliandikwa mwaka 1885, mwaka ule ule ambao mkutano wa Berlin ulimalizika na mataifa ya Ulaya yakaendelea kujigawia Afrika. Haggard alikuwa mtumishi wa ukoloni, na hatudai kwamba aligeuka. Lakini kalamu yake, ilipompa Umbopa kinywa, ilimpa maneno ya kweli.

Kwa Gagool hatuwezi kuwa wapole hivyo. Kikongwe asiyejulikana umri wake, mwenye kunusa wachawi na kuwafanya wauawe, ni mtu wa kuogofya kwelikweli katika hadithi, na kifo chake chini ya jiwe humfanya msomaji ashushe pumzi. Lakini sisi tunatoka katika nchi ambayo akina mama wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, wakati mwingine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Yeyote anayemsomea mtoto kurasa zile na asimame kidogo hapo.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Kusini ya mto Zambezi, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, kuna magofu makubwa ya mawe yaliyopangwa bila chokaa wala udongo. Ukuta wa nje wa boma kuu una mzunguko wa kiasi cha meta 250, na mahali pengine kimo chake chafika meta 11. Jina lenyewe lamwambia Mswahili habari nusu. Kwa Kishona nyumba za mawe ni dzimba dza mabwe. Na sikio lililozoea lugha za Kibantu husikia mara moja nyumba zetu na mawe yetu ndani ya maneno hayo. Mtu angetazamia kwamba jambo hilo peke yake lingewapa wasafiri dokezo la kutosha.

Halikuwapa. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika kwenye magofu, akakata kibanzi cha boriti la mlango, akakinusa na kukilinganisha na mti wa penseli yake, akaamua kuwa ni mwerezi. Na kama ni mwerezi, basi umetoka Lebanoni. Na kama umetoka Lebanoni, basi hapa alikaa malkia wa Sheba. Cecil Rhodes alipoitwaa nchi ile, alisaidia kumpeleka Theodore Bent, aliyechimba mwaka 1891 na kuandika kwamba wajenzi walikuwa watu wa kaskazini, si Waafrika. Kisha akaja Richard Hall, kati ya mwaka 1902 na 1904, aliyewekwa kuyahifadhi magofu. Huyu alifukua na kutupa udongo wa kina kikubwa, pamoja na masalio yaliyokuwamo, kwa kudhani kwamba anaondoa takataka za wenyeji zilizoufunika mji wa wageni wa kale. Takataka hizo ndizo zilizokuwa habari zenyewe: ndizo nyumba, vyungu na majivu ya mafiga ya watu waliojenga. Hasara hiyo haina fidia.

Na Haggard? Hadithi yake ya mwaka 1885 aliitunga kama hadithi, na haki yake tumempa. Lakini mwaka 1896 alikubali kuandika dibaji ya kitabu cha historia cha Alexander Wilmot juu ya Monomotapa, akaunga mkono kwamba Wafoinike walifika na kujenga. Na mwaka 1900 akatoa hadithi nyingine, Elissa, ambamo Zimbabwe ni mji wa Wafoinike. Hapo ndipo mpaka ulipovukwa. Kwanza uvumi ulizaa hadithi. Kisha hadithi, kwa kupendwa kwake, ikaupa uvumi nguvu mpya. Halafu mwenye hadithi akaitwa kutoa ushahidi kama bingwa wa historia. Walowezi waliokuwa wakigawiwa mashamba ya Washona walifurahi kusikia kwamba hata zamani nchi ile ilistawishwa na wageni, kwani basi wao walikuwa wanarudi tu mahali palipokuwa pao.

Uadilifu unatutaka tuseme kwamba uvumi huo haukuanzia Ulaya peke yake. Mtawa wa Kireno João dos Santos, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1609, aliandika kwamba wazee wa Kiislamu wa pande za Sofala walikuwa na mapokeo kuwa majumba ya mawe ya bara yalikuwa ghala za biashara za malkia wa Sheba. Watu wa pwani walikuwa wanaichukua dhahabu ya bara, na walikuwa wanakijua kisa cha Nabii Suleiman. Kuviunganisha viwili hivyo kulikuwa kazi ya jioni moja barazani. Tofauti ni kwamba wao hawakumnyang'anya mtu shamba kwa hadithi hiyo.

Mtaalamu wa kwanza kuchimba kwa taratibu za elimu ya mambo ya kale alikuwa David Randall-MacIver, mwaka 1905. Alieleza kwamba hakukuta kitu chochote chenye kuonyesha wajenzi wa kigeni, na kwamba vitu vya humo ni vya Kiafrika. Walowezi walimkasirikia. Mabishano yakaendelea mpaka chama cha wataalamu wa Kiingereza kikamtuma Gertrude Caton-Thompson, mwanamke mtulivu aliyekwisha kuchimba Misri, akaenda na wasaidizi wawili wanawake. Alichimba chini ya kuta zenyewe, mahali ambapo Hall hakupagusa, ili chochote kitakachopatikana kiwe ni cha kabla ya ukuta au cha wakati wake. Alikuta vyungu vya wenyeji, na pamoja navyo shanga za kigeni zilizokuja kwa biashara. Akatangaza mbele ya wataalamu waliokutana Afrika Kusini kwamba kazi ile ni ya Waafrika, na ni ya zama za kati, wala si ya zama za Sulemani. Uchunguzi wa baadaye, uliotumia vipimo vya makaa na miti, umethibitisha: kuta zilijengwa kati ya karne ya 11 na ya 15 baada ya Kristo, kiasi cha miaka 2,000 au zaidi baada ya Sulemani kufariki.

Mwaka aliochimba Caton-Thompson na kutangaza hayo ulikuwa 1929. Msomaji atakumbuka kwamba mwaka huo huo ndio uliotoka Mashimo ya Mfalme Sulemani kwa Kiswahili. Hatusemi kwamba palikuwa na njama. Johnson alikuwa mwanalugha, mwenye kuipenda kazi yake. Mwaka uliofuata akawa katibu wa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, na jina lake limebaki katika kamusi ya Kiswahili sanifu iliyotoka mwaka 1939. Alikuwa anatafuta vitabu vya kusomwa na vijana katika lugha iliyokuwa inasanifishwa, na alitafsiri pia Kisiwa chenye Hazina katika mwaka huo huo. Nathari ya Kiswahili ya hadithi ndefu ilikuwa changa, na tafsiri zile ziliifundisha kutembea. Watungaji wetu waliokuja baadaye waliukuta uwanja umekwisha kulimwa. Lakini ni kweli vile vile kwamba katika mwaka ambao udongo wa Zimbabwe ulikuwa unatoa ushahidi kwa faida ya Waafrika, shule za Waafrika zilikuwa zinapelekewa hadithi ya kinyume chake, na ripoti ya Caton-Thompson, iliyotoka mwaka 1931, haikutafsiriwa kwa ajili yao.

Mambo haya hayakuwa ya vitabuni tu. Wazungu wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao mwaka 1965 chini ya Ian Smith, habari za nani aliyejenga zikawa habari za siasa. Maofisa wa makumbusho walibanwa wasiandike wazi kwamba wajenzi walikuwa Waafrika; wageni waambiwe tu kwamba maoni yanatofautiana. Peter Garlake, aliyekuwa mkaguzi wa mambo ya kale, hakukubali, akaondoka nchini mwaka 1970. Kitabu chake juu ya Zimbabwe kuu kilitoka mwaka 1973. Wakati huo makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika yalikuwa Dar es Salaam, tangu mwaka 1963, na wapigania uhuru wa Zimbabwe walikuwa wakipita katika mitaa yetu wakiwa wamelichukua jina la magofu yale kuwa jina la nchi wanayoitafuta. Katika mji huo huo mwanafunzi alikuwa akifungua Mashimo na kusoma kwamba mawe ya kusini yalichongwa na watu wa Sulemani. Sidhani kama wengi wetu tuliviweka vitu viwili hivyo mezani pamoja. Hadithi ilikuwa tamu mno, na wale wanaume waliokuwa wakipita njiani hawakufanana na wahusika wake. Tarehe 18 Aprili 1980 nchi ile ilipata uhuru, na ndege wa jiwe aliyepatikana magofuni akawekwa kwenye bendera.

Wapo watakaouliza kama basi kitabu hiki kiondolewe katika maktaba. Jibu letu ni la, na sababu tumekwisha kuitaja: ni hadithi nzuri, na mwenye kuinyima nchi hadithi nzuri hawezi kuipa historia nzuri badala yake kwa amri ya serikali. Kinachofaa ni mwalimu kuwa na kitabu cha pili kando ya cha kwanza. Tena, watungaji wetu wanaweza kujifunza kwa Haggard ule ufundi wa ukili wenye nyuzi tatu bila kurithi upofu wake. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alionyesha njia. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 na kutolewa mwaka 1960, kina kifo, kina mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na kina mahali palipoogopwa kwa ajili ya watu wa kale. Lakini watu wa kale hao ni wa hapo hapo kisiwani, na anayelifumbua fumbo ni mtu wa hapo hapo pia. Hakuna mwerezi wa Lebanoni.

Na nyuzi zipo. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliambiwa kwamba Sofala iko mwendo wa nusu mwezi, na kwamba dhahabu huletwa Sofala kutoka nchi ya Yufi, mwendo wa mwezi mmoja ndani ya bara. Mfalme aliyemkuta Kilwa alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Baba wa Vipawa kwa ukarimu wake, naye ndiye anayehusishwa na jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane juu ya jabali linaloitazama bahari. Dhahabu iliyolijenga jumba lile ilipita Sofala, na sehemu yake ilitoka katika nchi ya wajenzi wa kuta za mawe. Vyombo vya Uchina na vya Uajemi vilivyochimbuliwa Zimbabwe vilishuka katika bandari za pwani yetu kabla ya kubebwa kwenda bara. Miji miwili hiyo ilistawi pamoja kwa sababu kila mmoja ulikuwa na haja na mwenzake, na hakuna mfalme wa ng'ambo aliyehitajika ili hayo yafanyike.

Mwaka 1972 mtaalamu mmoja alitoa habari ya sarafu iliyopatikana Zimbabwe kuu. Ni sarafu ndogo ya shaba iliyopigwa Kilwa. Upande mmoja una jina la mfalme yule yule, al-Hasan bin Sulaiman. Upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mola Mwenye fadhila, al-Mannan. Na sisi tunaotunga mashairi tunaona kwa furaha kwamba aliyeichora alihakikisha pande zote mbili zinapatana kwa vina, Sulaiman kwa Mannan. Basi jina la Sulaiman lilikuwapo Zimbabwe kweli, ila lilikuwa la baba wa mfalme wa Kilwa. Sarafu ya shaba haikuwa na thamani ya kununulia dhahabu, wala si kitu ambacho mfanya biashara angekibeba kwa faida mwendo mrefu namna hiyo. Mtu aliichukua kutoka Kilwa, pengine kama hirizi, pengine kama ukumbusho, pengine kwa kuisahau tu ndani ya pindo la shuka, akasafiri nayo kwa jahazi na kwa miguu mpaka kwenye nyumba za mawe, na humo ikamdondoka. Mtu huyo ni nani, na alikwenda kufanya nini, hakuna kitabu kinachosema.